Namba ya Mjomba Haitolewi Ovyo

"Katika nyumba yangu maneno yanaingia, hayatoki! Anayebisha aje atege sikio mlangoni. Atazeekea pale pale, na kiti nitampa mimi mwenyewe."

Hayo aliyasema Mjomba kwenye kipaza sauti, siku ya harusi ya mwanawe, mbele ya watu waliokuwa na njaa. Aliombwa amkaribishe bibi harusi katika ukoo. Baba wengine wakifika hapo husema karibu mwanangu, wanafuta chozi, wanakaa. Wa kwetu alisimama na koti lake la kuazima akatoa onyo. Bibi harusi akainamisha kichwa, watu wakapiga makofi wakidhani ni utani. Mimi sikupiga. Namjua Mjomba, hatanii akishika kipaza sauti.

Mjomba ni dalali wa nyumba na viwanja. Mtaji wa kazi hiyo ni mmoja, kujua kabla ya wengine: nani anauza, kwa nini anauza, na atashuka mpaka wapi akibanwa. Dalali mwenzako akikijua leo ulichokijua jana, wewe huna biashara tena, una hadithi ya kusimulia. Ndiyo maana mteja wa Mjomba akipelekwa kuona nyumba hapitishwi njia ya watu. Huzungushwa vichochoroni, akatokezwa nyuma ya shule, akarudishwa mbele ya shule ile ile, mpaka anapofika hajui hata jua limechomozea wapi. Haandiki kitu. Karatasi, anasema, ina mdomo kuliko mke. Mkewe akisikia humjibu, "Na wewe una mdomo kuliko karatasi." Lakini husikia kwa zamu, kwa sababu sikio lake moja ni bovu na la pili analitumia anapotaka.

Mtaani wanamwita Kufuli. Jina analipenda mno.

Nyumbani kwake ndiyo ungecheka. Kamera ya simu yake kaiziba kwa plasta ya kidonda. Kile kisanduku cha intaneti kakigeuza kitazame ukuta, eti taa zake zinamkonyeza. Mazungumzo ya biashara yanafanyika sebuleni tu, televisheni ikipiga kelele, na kabla hujakaa simu yako inachukuliwa, inatiwa kwenye sufuria jikoni, inafunikwa. "Simu zinasikiliza," anasema. Nimewahi kumkuta mama mmoja mwenye maghorofa yake mawili kakaa sebuleni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, huku jikoni sufuria inaita na kutetemeka juu ya jiko lililozimwa.

Mlinzi wa sufuria, tangu ile harusi, alikuwa mkamwana. Mumewe, yaani binamu yangu, anafanya kazi mgodini, mbali, na nyumbani anakuja likizo kwa likizo. Mke akabaki kwa wakwe. Ni binti mpole wa sura. Wa ulimi, hapana. Ananiita wifi, na kwa kuwa mtandao wa waifai nao mkaza mjomba anauita wifi, akilalamika kwamba wifi leo haishiki, hatujui kama ni mtandao au ni mimi nimekataa kuosha vyombo.

Basi, hazikupita siku nyingi baada ya harusi, nyumba za Mjomba zikaanza kuponyoka.

Ya kwanza alisema bahati mbaya. Ya pili akasema huyo mwenye nyumba ni kigeugeu. Ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja, karibu na kituo cha afya, nyumba yenye kisima chake. Mjane alikuja mwenyewe, akaiacha simu kwenye sufuria, akasema siri yake sebuleni huku televisheni inaonyesha mpira. Asubuhi ya kesho yake Mjomba alipopeleka mteja, alimkuta dalali mwenzake ameshakaa barazani kwa mjane, soda mkononi, mguu juu ya mguu. Huyo dalali tunamwita Suti, kwa sababu huvaa suti hata jua likiwa la kukaangia.

"Kufuli!" Suti akamwita mbele ya mteja. "Umechelewa, kaka. Funguo ninazo mimi."

Mjomba alirudi nyumbani. Alikaa akaanza kuhesabu watu. Mkewe? Sikio bovu. Mjane? Asingejiharibia bei. Yeye mwenyewe? Hata kichaa hajishuku. Akabaki mmoja, anayeleta chai sebuleni, anayekaa na sufuria, na aliyeingia katika nyumba ile muda ule ule maneno yalipoanza kutoka.

Akaniita.

"Wewe Nusu," akasema. Jina hilo alinipa yeye, nilipoacha diploma ya kompyuta katikati, ada ilipoishiwa pumzi. "Si ulisoma mambo ya mitandao?"

"Nusu, Mjomba."

"Nusu inatosha. Nyoka humwoni mzima, unaona mkia unajua ni nyoka. Nataka uingie kwenye hiyo intaneti uone mkamwana wangu anamtumia nani maneno."

"Na ukishajua?"

"Nimemwita baba yake. Anakuja Jumamosi. Nikiwa na ushahidi atarudi naye."

"Na usipokuwa nao?"

Akanitazama kama niliyeuliza kama maji yanalowesha. "Atarudi naye. Ushahidi ni wa kumpa aibu tu."

Nilikwenda jikoni. Mkamwana alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Karibu, mpelelezi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hii nyumba ina kuta ngapi za kunificha jambo, wifi? Mimi ndiye mwizi wa maneno, na maneno yenyewe nasemwa mimi."

Nikacheka, lakini sikuwa nimeridhika. Nami nilikuwa na langu moyoni. Mara mbili nilishamkuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, anaongea na simu kwa sauti ya chini, na aliponiona akakata. Mtu asiye na siri hazungumzi katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikamuuliza waziwazi, bora lawama kuliko shaka.

"Naongea na mume wangu."

"Mbona unajificha?"

Akasimamisha mkono juu ya ungo. "Kwa sababu ndani humu naona natazamwa. Usicheke. Baba anatoka asubuhi, anarudi jioni, ananiambia leo ulifagia umechelewa. Ananiambia mchana mlikaa sana kwenye televisheni. Nani kamwambia? Mama hamwambii kitu. Nimemwambia mume wangu anitoe hapa, anasema nina woga wa mgeni. Tangu harusi, wifi, nakaa kama mtu anayepigwa picha."

Nilitoka jikoni nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoingia. Mmoja anaona maneno yanatoka, mwingine anaona macho yanaingia. Nikajisemea, hawa wawili ama wana wazimu wa ukoo mmoja, na kwa damu hawahusiani, ama wote wanasema kweli.

Nikakigeuza kile kisanduku kutoka ukutani. Kitu cha kwanza kilichonitoa jasho ni jina la mtandao wenyewe. Mtu anayefunika simu za wageni kwa mfuniko ameuita mtandao wake KUFULI DALALI NYUMBA NA VIWANJA, kila apitaye barabarani ausome kwenye simu yake.

"Hilo ni tangazo," Mjomba akajitetea. "Biashara matangazo."

Cha pili, neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio lilikuwa lile lile la kiwandani, limechapwa chini ya kisanduku. Hata mtoto akikipindua anaweza kulisoma. Nikaingia. Pale ndani kuna orodha ya kila kilichojiunga na mtandao, na kiasi kila kimoja kinachotuma na kupokea. Simu ya Mjomba ipo. Ya mkaza mjomba ipo, inapokea video za mapishi asizozipika. Ya mkamwana ilikuwa inatuma kitu kidogo sana, picha moja mbili na sauti. Televisheni inapokea tu, haitumi.

Na kulikuwa na kitu cha tano, hakina jina, kinatuma nje mchana kutwa bila kupumzika. Nyumba nzima ikijumlishwa haikukifikia.

"Mjomba, hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki kinachotoa maneno humu ndani kama bomba lililopasuka."

Akakohoa. Mjomba akikohoa hivyo ujue kuna nyumba ina ufa nyuma ya kabati. Akachungulia jikoni, akafunga mlango, akaniongoza kwa kidole hadi kwenye kabati la vyombo vya wageni pale sebuleni. Juu yake pana maua ya plastiki. Katikati ya maua, jicho moja jeusi, dogo, linatutazama.

"Hiyo yangu," akanong'ona. "Niliifunga alipokuja yule binti. Mgeni humjui, mpaka umwone akiwa peke yake. Hajui mtu, hata mkeo... hata mke wangu hajui."

Mtu mzima ulimi ulimteleza kwa aibu. Nikamwonyesha kwa ishara anyamaze, nikamtoa nje mpaka kwenye ile kamba ya nguo, tukasimama katikati ya mashuka kama watuhumiwa.

"Inasikia sauti pia?"

"Inasikia. Nzuri sana, hata mende akipita unamsikia."

"Nani aliifunga?"

"Fundi Nyaya."

"Nionyeshe unavyoitazama."

Akatoa simu, akafungua. Nikaenda mahali panapoonyesha kamera imeandikishwa kwa nani. Palikuwa na namba ya simu. Nikamsomea.

"Hiyo si yangu," akasema.

"Najua. Ni ya nani?"

Akaisoma tena polepole, midomo inacheza. "Ya fundi. Siku ile aliniambia, mzee, hii kamera lazima iandikishwe kwa namba ya simu, nipe yako. Nikamwambia namba yangu haitolewi ovyo. Mimi fundi nimemjua jana, leo nimpe namba? Akasema basi mzee usijali, naweka yangu."

"Naye unamwamini?"

"Simwamini! Ndiyo maana sikumpa namba!"

Kwa ufupi, mwenye kamera kwa mujibu wa kamera ni fundi. Mjomba alikuwa anatazama nyumba yake kwa hisani ya fundi, na fundi akitaka kutazama, au kumtazamisha mtu mwingine, anafungua simu yake popote alipo. Sufuria ilikuwa inazuia simu zisisikie, na kabati linasikiliza.

"Huo ni ushahidi?" Mjomba akauliza. Hata hapo alikuwa anapima. "Huenda fundi haangalii. Huenda ni yule binti tu."

"Basi tujaribu. Lakini ufanye ninavyokwambia, na usiigize sana."

Siku ya pili mkamwana alimpeleka mkaza mjomba kliniki kuonyesha sikio. Hatukumwambia lolote yeyote kati yao. Walipoondoka nikaingia sebuleni kama mteja. Mjomba akawasha televisheni, akachukua simu yangu akaipeleka kwenye sufuria, akarudi, akakaa, akaanza kusema kama mtu anayesoma taarifa ya habari ya kifo cha mkuu.

"KUNA NYUMBA. Iko nyuma ya kiwanda cha magodoro. Geti la bluu. Mama mwenye nyumba ANAUZA KIMYA KIMYA."

Nilimkanyaga mguu.

"Kimya kimya," akarudia kwa sauti ya kawaida. "Ana haraka. Anataka mtu wa kwanza atakayefika. Mimi nitakwenda keshokutwa."

Nyumba yenye geti la bluu nyuma ya kiwanda cha magodoro ninaijua vizuri, nimepanga chumba humo. Mama mwenye nyumba hajawahi kuuza hata kuku. Kesho yake asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani, nikasikia geti linagongwa kwa heshima kubwa. Mama mwenye nyumba akafungua. Suti, kavaa tai, kashika mfuko wa matunda.

"Shikamoo, mama. Nimesikia kuna nyumba inauzwa."

"Marahaba. Ipi?"

"Hii hii, mama. Usiogope, najua unataka iwe kimya kimya."

"Hii?" Mama akaweka mikono kiunoni. "Nimekufa lini mimi, mbona sikualikwa msibani kwangu?"

"Mama, mimi ni mtu wa siri..."

"Siri na nani? Mume wangu yuko chooni, subiri atoke umwambie hiyo siri!"

Nyuma ya Suti palikuwa na pikipiki imesimama, dereva na kofia ngumu kichwani. Kofia inaficha uso, haifichi mkoba wa nyaya begani. Nikatoka na mswaki mdomoni.

"Fundi Nyaya! Umekuja kufunga kamera na hapa?"

Alipiga teke pikipiki ikawaka, akaondoka zake, akamwacha shemeji yake getini na matunda. Ndiyo, shemeji. Hilo nalo nililijua pale pale kwa mama mwenye nyumba, ambaye anajua ndoa zote za mji na zilizovunjika.

Mjomba nilipomsimulia alicheka mpaka akapangusa macho. Alinifanya nirudie ya msibani mara tatu. Kisha akataka kazi ifanyike siku hiyo hiyo. Nikachomeka sindano kwenye kile kitundu cha nyuma, kisanduku kikasahau kila kitu. Nikabadili neno la siri la mipangilio, jina la mtandao nikaliweka lisilo na maana kwa mtu yeyote, wageni nikawatengea mtandao wao ambao hauoni vitu vya ndani, nikaondoa ruhusa ya mtu wa nje kuingia kwa mbali. Kamera nikaichomoa. Mkaza mjomba na mkamwana walikuwa wamesimama wanatazama, wameshaambiwa fundi ndiye mwizi wa maneno.

"Mwanangu," Mjomba akamwambia mkamwana, kifua mbele, "neno la siri jipya nakupa wewe wa kwanza. Kabla ya mke wangu."

Mkamwana hakulipokea. Alikuwa anaitazama kamera mkononi mwangu.

"Wifi, hiyo ilikuwa wapi?"

Mjomba akasema, "Hapo juu tu. Kwa ajili ya wezi."

"Wezi gani, Baba? Mchana humu tulikuwa mimi na Mama."

Akavuta kigoda, akapanda, akaweka kichwa chake pale kwenye maua ya plastiki, akatazama kama ilivyokuwa inatazama. Alikaa juu pale muda mrefu. Tulijua anachokiona: makochi, televisheni, korido, na mwisho wa korido mlango wa bafu.

Akashuka. "Baba," akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "bafuni natoka na taulo."

Mkaza mjomba alikuwa amesikia kwa masikio yote mawili. Alimgeukia mumewe akamtazama, akaingia chumbani, na kitasa kikasikika.

Mjomba alijaribu kumpigia baba mkwe asije tena Jumamosi. Mkamwana akasema, "Mwache aje." Akaja, mzee mpole, kofia mkononi, amejiandaa kuaibishwa. Mjomba alisema yote. Nampa haki yake, hakuficha, alisema kamera niliifunga mimi, namba nilikataa kutoa mimi, binti yako hana kosa. Yule mzee akashusha pumzi.

"Basi mambo yameisha. Atabaki kwa mumewe."

"Kwa mume wangu ni sawa," mkamwana akasema. "Humu, hapana."

"Mwanangu, kamera imetolewa," Mjomba akasema. "Nusu ameitoa, umeona."

"Moja nimeiona, Baba. Sasa kila nikipita naangalia juu ya makabati. Nikivaa nazima taa. Siwezi kujua zilikuwa ngapi, na wewe nikikuuliza, nitakuamini vipi?"

Mjomba ndiye aliyetufundisha sote kwamba mtu haaminiwi kwa maneno yake.

Simu ikapigwa mgodini, spika ikiwa wazi, wote tumekaa, sufuria haikuguswa. Binamu yangu akasema mke wangu ahame, kodi nitatuma. Baba mkwe akavaa kofia, akaivua, akauliza sasa binti atampata wapi mtu mwaminifu wa kumtafutia chumba katika mji huu.

"Si yupo dalali hapa," mkamwana akasema, akimwangalia Mjomba. "Baba, nitafutie. Mlango ujifunge kwa ndani. Bafu liwe humo humo. Na nikaone mwenyewe kabla hujalipa."

Mjomba alimpatia chumba; mkamwana akakiona, akapanda juu ya kigoda akakagua dari, akapapasa kila tundu la ukuta, akasema sawa. Kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, dirisha moja, maji yanatoka. Mwenye nyumba hapunguzi.

Elfu tisini kwa mwezi, umeme mbali.